Karibuni na Kwetu

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa kishada cha zabibu. Taib alikinunua kwa ajuza mmoja aliyeketi kwenye kivuli cha ukuta, akakiosha kwenye bomba la uchochoroni, akakila amesimama, mbegu akizitemea kiganjani kwa kuwa hakuona pipa la taka. Jua lilikuwa utosini. Watalii wenzake walikuwa wamekwenda kula, na uchochoro ule wa mji wa kale wa Rodo, kisiwani Ugiriki, ulikuwa mtupu kutoka kona hadi kona.

Mwaka ule, 2016, hakuwa na sababu yake mwenyewe ya kwenda Rodo. Sababu ilikuwa ya Zulaika. Mkewe alikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya Al Qusais, Dubai, na safari ile aliipanga yeye: tiketi mbili, likizo ya kiangazi, kisiwa alichokuwa akikisomesha miaka yote bila kukiona. Mwezi wa Februari mshipa ulipasuka kichwani mwake akiwa darasani, na adhana ya Alasiri haikumkuta. Taib alikaa na tiketi zile hadi kiangazi, kisha akaenda. Alifika kila mahali Zulaika alipopanga wafike: barabara ya mawe ya mashujaa wa msalaba, kasri lao, msikiti wenye kuta za rangi ya waridi, makaburi ya Waturuki ambayo mawe yake yamevishwa vilemba vya mawe. Aliviona vyote kwa utaratibu, kama fundi anayemalizia kazi iliyoachwa na mwenzake, wala hakupiga picha hata moja.

Mlango mmoja uchochoroni ulikuwa wazi nusu, na ndani ulionekana ua.

Taib alikuwa mkadiriaji majenzi. Riziki yake ilikuwa kutazama jengo na kusema lina nini ndani yake. Sakafu ya ua ule ilimvuta. Ilikuwa ya kokoto za baharini, nyeupe na nyeusi, zilizosimamishwa kwa ubavu moja moja na kubanana hata ukucha usipate pa kuingia. Katikati palikuwa na kisima kilichofunikwa kwa bamba la chuma, na pembeni mlimau uliojiotea. Hakuwa mtu wa kuingia kwa watu. Akakohoa kidogo, kama afanyavyo siku zote mlangoni, akasema, "Hodi."

Hakuna aliyejibu. Kokoto moja iligonga nyingine mahali fulani, basi.

Akaingia. Akainama, akapapasa sakafu, akasimama. Ua ulikuwa na ubaridi ambao kivuli cha mlimau mmoja hakiwezi kuuleza, na harufu ya maji yaliyolala, ingawa vumbi juu ya bamba la kisima lilikuwa halijaguswa kwa miaka. Alipogeuka kutoka, akamkumbuka Zulaika.

Zulaika hakuwahi kuondoka mahali bila kualika. Alimwalika daktari wa meno. Alimwalika mlinzi wa makumbusho. Aliwahi kumwalika ofisa wa uhamiaji aliyekuwa akimhoji. Taib alikuwa akimcheka: "Siku moja watakuja kweli." Naye hujibu, "Waje. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Basi, kwa niaba yake, Taib alisimama kizingitini, akautazama ua mtupu, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Ahsanteni. Karibuni na kwetu."

Juu ya bamba la kisima kitu kikalia taratibu, kama mtu aliyemaliza kunywa akaweka kikombe chini.

*

Fleti yake ya Al Qusais ilikuwa na vyumba viwili. Baada ya msiba alimkaribisha Ramathan katika kimoja. Ramathan alikuwa Mganda, mlinzi wa ghala. Alifanya kazi usiku na kulala mchana, na kicheko chake kilikuwa kikitangulia kufika kabla ya lifti. Jioni Taib aliporudi kutoka safari, Ramathan alikuwa ameshakwenda zamu. Taib alikuwa jikoni anachemsha chai, adhana ya Magharibi ikimalizika, aliposikia mlangoni:

"Hodi."

"Karibu," akajibu bila kugeuka, maana ulimi ulifundishwa neno hilo kabla haujafundishwa lolote.

Alizima jiko kwanza. Ndipo akafikiri. Katika jengo lile hakuna aliyekuwa akipiga hodi. Watu walibonyeza kengele. Na kabla ya hodi ile palikuwa na kikohozi kidogo. Alikijua kikohozi kile. Kilikuwa chake.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na mnyororo ulikuwa mahali pake. Juu ya vigae, upande wa ndani, palikuwa na alama mbili za maji zenye umbo la nyayo, vidole vikielekea sebuleni. Alizitazama mpaka zikakauka. Akajiambia kwamba ni uchovu wa safari, na kwamba maji ni ya kiyoyozi, kisha akaenda kunywa chai yake.

Ramathan ndiye aliyelisema kwanza. Walikutana jikoni asubuhi, mmoja anakwenda kazini, mwingine ndiyo kwanza anarudi.

"Injinia, huyo mgeni yako anaondoka lini?"

"Mgeni gani?"

"Banange! Unanificha mimi? Mimi sitamwambia mwenye nyumba. Lakini mwambie mtu wa usiku analala mchana. Yeye anatembea tu, anatembea tu, kama ng'ombe kwenye kokoto."

"Ni jirani wa juu, Ramathan."

"Jirani wa juu anakuja kuzima AC yangu?" Ramathan alitia sukari kwenye kikombe, akakoroga. "Na ananuka kisima. Mchukulie marashi. Halafu hata mgeni, siku ya tatu anapewa jembe."

"Hapa Qusais jembe nilitoe wapi?"

"Basi apewe mopu."

Taib alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Februari, na kilipokwisha, kutoka sebuleni, mahali ambapo hapakuwa na mtu, kicheko kilekile kikarudiwa, kirefu kama kile, na kikaishia palepale.

Ramathan aliweka kijiko chini.

"Ulileta nini kutoka huko?" akanong'ona.

"Sumaku ya friji."

"Sumaku tu?"

"Sumaku tu."

Waliitoa kwenye friji, kisumaku chenye picha ya vinu vya upepo, wakaishusha hadi pipa kubwa la taka barabarani. Hawakujua kosa lao. Walikuwa wanatafuta kitu kilichobebwa, na mgeni yule alikuja kwa miguu yake, kwa kuwa aliitwa.

*

Kila jioni, baada ya kuswali Magharibi, Taib alikuwa na desturi ambayo hakumweleza mtu. Aliketi kwenye kochi, akafungua simu, akasikiliza jumbe za sauti alizoachiwa na Zulaika. Hazikuwa na jambo kubwa. Katika mmoja alisema yuko kwenye basi la shule na kuna foleni, "Taib, umekula? Usinisubiri." Katika mwingine alikuwa akilalamika juu ya bei ya nazi. Katika mwingine alisema, "Nimealika watu Ijumaa, usinune, mgeni njoo mwenyeji apone," na nyuma yake kengele ya shule ilikuwa ikilia. Taib alizijua zote kwa moyo, hata mahali alipovuta pumzi. Hizo ndizo zilizobaki. Nguo alikuwa amezigawa, vitabu amevipeleka shuleni, na kaburi lilikuwa kichuguu cha mchanga kisicho na jina, miongoni mwa vichuguu vingine, upande wa pili wa barabara kuu.

Jioni moja, katikati ya ujumbe wa nazi, aliinua macho. Mto wa kochi la mkabala, kochi alilopenda Zulaika, ulikuwa umebonyea. Ulibonyea kama unavyobonyea chini ya mtu aliyeinamia mbele, viwiko magotini, anayesikiliza kwa makini maneno ya mwenyeji wake.

Taib hakukimbia. Alizima simu, akaenda chumbani, akafunga mlango, akasoma alichokijua.

Kesho yake alifungua ujumbe wa basi. Muda wake ulikuwa uleule, mstari ukatembea kama kawaida kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini ndani yake haikuwamo sauti ya mtu. Zilikuwamo kokoto tu, zikigongana polepole, kama zinakanyagwa na mtu asiye na haraka.

Kisha kutoka jikoni:

"Taib, umekula? Usinisubiri."

Haikuwa sauti inayofanana na ya Zulaika. Ilikuwa yake, na ilikuja na kila kilichokuwa nyuma yake siku ile: ngurumo ya injini ya basi, honi mbili, mtoto anayeimba kwenye kiti cha nyuma, vyote vikisikika katika jiko lenye upana wa mikono miwili, taa ikiwa imezimwa, na harufu ya maji yaliyolala ikitoka humo taratibu na kumfikia miguuni. Taib alisimama mlangoni pa sebule, jasho likimtoka katika ubaridi, akijua kwamba mtu mwenye akili angeshika funguo na kutoka, na akijua vilevile kwamba kwenye simu Zulaika alikuwa mdogo na wa mbali, lakini humu alikuwa na kimo, alikuwa na mahali aliposimama, na alikuwa ameuliza swali.

"Nimekula," akajibu.

Jioni iliyofuata, akiwa na akili zake timamu, alikaa kwenye kochi, akaelekeza simu upande wa mto uliobonyea, akamfungulia mgeni ujumbe wa nazi, ili naye aje auseme.

*

Ramathan alimsubiri chini ya jengo, mbele ya duka la vyakula, bado amevaa sare ya kazi aliyolala nayo, miguu mitupu. Ilikuwa saa ya kutoka ofisini. Hakutaka kupanda.

"Begi langu utaniletea," alisema. Kicheko chote kilikuwa kimemtoka usoni. "Mimi humo siingii tena."

"Kuna nini?"

"Punguza sauti." Alitazama juu, kwenye dirisha la fleti. "Mimi Ijumaa naongea na mama, si unajua? Naweka spika, nanyoosha nguo, yeye anaongea. Leo mchana nimelala, jua kali, nje hata gari haipiti, nasikia mtu ananiita, 'Ramathan, mwana wange,' nikasema labda naota, nikafunika kichwa, akaita tena, yuko kwa mlango wa chumba, halafu yuko ndani, halafu kitanda kinashuka upande wa miguu yangu kama mtu ameketi, na nasikia kuku, Injinia, nasikia kuku wa kwetu Iganga wanalia chini ya kitanda hapa Qusais, na mama anauliza kama joto ya Dubai imepungua, yale yale aliyosema Ijumaa, neno kwa neno, na mimi nimefunika kichwa na siwezi hata kusema Bismillahi."

Alijifuta uso kwa mkono wa sare.

"Nikatoka bila viatu. Nikapiga simu nyumbani. Dada amepokea. Nikamwambia nipe mama. Anasema mama hawezi kuongea. Tangu juzi. Anafungua mdomo, hakuna kitu. Wamempeleka zahanati, wanaambiwa koo liko sawa."

Taib naye aliinua macho kwenye dirisha lile.

"Ulijua," Ramathan akasema. Hakuuliza. "Wewe ulijua kuna kitu, na kila jioni ulikuwa unangoja mimi niende kazini."

"Nilijua."

"Basi kimtoe, ssebo. Mke wako Mungu amrehemu, lakini mama yangu mimi yuko hai."

*

Bi Rukiya aliishi Bur Dubai, ghorofa ya juu ya duka la vitambaa. Watu wake walihama Unguja zamani, naye alikuwa na pasi ya huku na ulimi wa kule. Wanawake wa Kiswahili wakifiwa walimwita kuosha. Wakisumbuliwa walimwita kusoma. Ndiye aliyemwosha Zulaika. Alimsikiliza Taib mpaka mwisho bila kukatiza, akiwa ameshika kikombe cha kahawa asichokinywa.

"Ulitamkaje kule? Sema tena."

"Ahsanteni. Karibuni na kwetu."

"Na hapa alipopiga hodi?"

"Nilisema karibu."

"Eeh." Akaweka kikombe chini. "Jini wa kuvamia, mwanangu, ntamvukiza ubani, ntamsomea, atatoka anapiga kelele. Huyu hakukuvamia. Kwao ulipiga hodi ukaingia. Ukamwalika. Kaja, kapiga hodi, nawe ukamwitikia. Yuko juu ya haki yake. Mgeni hafukuzwi. Mgeni husindikizwa."

"Nimsindikize wapi?"

"Penye mawe na maji, mbali na majumba. Mchukue mchana, kabla ya Magharibi. Mwambie: mgeni, twende nikusindikize. Atakwenda, ana adabu yule, adabu ndo iliyomleta. Ukifika mwambie safari njema. Naye atakuaga, atakwambia karibuni na kwetu. Hapo ndo pako, Taib. Hapo unyamaze. Usimwambie ahsante, usimwambie tutakuja, na kuliko yote usimwambie karibu tena. Sie Waswahili ulimi wetu haulali, hata mwizi tukimtoa nje twamwambia karibu."

Taib aliutazama mkeka.

"Na alivyochukua?"

"Cha huyo mama wa Uganda kitarudi. Aliye hai ana cha kudai."

"Na vya Zulaika?"

Bi Rukiya alikisogeza kikombe pembeni. "Mgeni hapekuliwi mkoba."

"Mimi nadai. Ni vyangu."

"Si vyako. Wewe ulikuwa msikilizaji tu." Akasogea, akamshika kiganja. "Skiza. Mie n'lomkosha kwa mikono hii nakwambia, huyo aliye jikoni kwako siye. Na akikaa zaidi, akishamaliza vya kwenye simu, atakula usivyoviweka kwenye simu."

*

Alichagua Hatta, kule milimani, mbali na jiji. Hakulala fleti, alilala ndani ya gari, chini ya jengo. Ilipopita adhuhuri alipanda, akasimama katikati ya sebule, mbele ya kochi, akasema kama alivyofundishwa: "Mgeni, twende nikusindikize." Mto wa kochi ukainuka taratibu ukawa sawa.

Katika lifti alitazama namba za ghorofa. Garini alifungua mlango wa upande wa abiria, akasubiri kidogo, akaufunga. Alipowasha injini na kuondoka, kengele ya mkanda ikaanza kulia, ile inayolia mtu akikaa pale bila kujifunga. Ililia hadi taa za barabarani. Taib akanyoosha mkono, akavuta mkanda wa upande ule, akauchomeka. Mkanda ulikuwa umekaza, ukiwa umepinda mbele kama unaozunguka kifua. Kengele ikanyamaza.

Jangwa likapita, mchanga mwekundu, kisha milima ikaanza, mikavu na ya rangi ya chuma, na ingawa nje palikuwa na joto la kuunguza usukani, vioo vya gari vilikuwa vimefanya ukungu kwa ndani, na harufu ya kisima ilikuwa imejaa hata akawa anaonja ulimini kutu ya lile bamba, na mgeni, ambaye njia nzima hakusema neno, alikuwa akipumua kwa pumzi ambazo Taib alizijua, kwa kuwa ndizo pumzi ambazo Zulaika alizivuta katikati ya ujumbe wa nazi, moja fupi, moja ndefu, tena na tena bila maneno yake.

Chini ya bwawa la Hatta palikuwa na bonde la kokoto, na maji kidogo ya kijani yaliyosimama kwenye mwamba. Hapakuwa na mtu. Kiangazi watu huja asubuhi. Taib alifungua mlango wa abiria, akarudi nyuma.

Kokoto zikalia. Mara hii zilikuwa kokoto kweli, na aliziona zikizama kidogo, moja hapa, moja pale, kuelekea majini.

"Safari njema," alisema.

Nyayo zikasimama. Kikohozi kidogo. Kisha sauti yake mwenyewe, kama ilivyokuwa kule uani:

"Ahsanteni. Karibuni na kwetu."

Taib alinyamaza.

"Taib, umekula?" Basi, honi, mtoto anayeimba. Alinyamaza. Ikaja nazi, ikaja Ijumaa na kengele ya shule, zikaja zote moja baada ya nyingine, zikigonga milima na kurudi, mpaka bonde zima likawa linazungumza kwa sauti ya Zulaika, na Taib alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono yote miwili kama anayezuia damu. Zikaisha. Kimya kikawa kirefu. Kisha, kwa upole, bila basi wala kengele nyuma yake:

"Bwana Vipimo. Hata neno?"

Hakuna ujumbe uliokuwa na jina lile. Lilikuwa jina la ndani, ambalo Zulaika alimwita usiku taa zikizimwa, akimcheka kwa kupima kila kitu. Hakulisema kamwe mbele ya simu wala mbele ya mtu. Taib alipiga magoti kwenye kokoto. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akaling'ata, akauma na ulimi, akainama hadi paji la uso likagusa jiwe la moto, akakaa hivyo.

Aliposikia kiwimbi kimoja cha maji kikigusa mwamba, aliinua kichwa. Joto lilikuwa limerudi. Aliendesha hadi Dubai, na kengele ya mkanda haikulia.

*

Ujumbe wa Ramathan ulimkuta mlangoni. "Mama ameongea! Ameomba uji. Allah akulipe, Injinia. Nirudi lini?"

Taib aliingia ndani. Aliketi, akafungua jumbe za Zulaika. Hazikuwa na kokoto tena. Hazikuwa na kitu. Mstari ulitembea kutoka mwanzo hadi mwisho juu ya kimya.

Alikuwa amejiandaa kwa hilo. Hakuwa amejiandaa kwa lililofuata. Alitaka kulitamka lile jina, mara moja tu, aliweke hewani, na hakulipata. Alijua kwamba kule bondeni aliitwa kwa jina. Alijua lilikuwa la mzaha, tena lilihusu kazi yake. Alilitafuta kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba alichokizoea, ukuta huu, ukuta ule, na ukuta ulikuwa laini kila mahali. Akajaribu kumkumbuka akisema jambo lingine, lolote. Zulaika alikuja, na kanga yake, na miwani yake ya kusomea. Alifungua mdomo, sauti haikutoka. Akaufunga. Akaufungua tena, akimtazama, akisubiri ajibiwe.

Bi Rukiya alikuwa amesema kweli. Hakuwa yeye. Lakini kila kilichokuwa cha Zulaika sasa kilikuwa ndani ya mkoba wa mgeni, na hapakuwa na mahali pengine duniani kilipohifadhiwa.

Asubuhi Taib aliswali Alfajiri. Alimwandikia Ramathan neno moja, "Usirudi," akazima simu. Alifagia sebule. Aliukung'uta mto wa kochi la mkabala. Akachemsha chai ya maziwa yenye iliki nyingi, ambayo Zulaika aliipenda na yeye hakuipenda, akamimina vikombe viwili. Mlangoni alivisogeza viatu vyake ukutani, ikapatikana nafasi ya jozi nyingine. Kisha akatoa mnyororo, akafungua mlango wazi kabisa, akatazama ukumbi mtupu hadi kwenye lifti, akakohoa kidogo.

"Mgeni njoo," alisema, akasubiri wa kumalizia.